Nchi kavu, majini au angani? Ulinganisho kwa mwenye Green Card anayetaka kuingia jeshi la Marekani

Kijana aliyefika Marekani kwa bahati nasibu ya viza, au kwa kumfuata mzazi, hakawii kukutana na afisa wa usajili wa jeshi. Atamkuta shuleni, atamkuta kwenye maduka, na akiacha namba ya simu mara moja atapigiwa mpaka ajibu. Baada ya hapo swali linatufikia sisi tuliotangulia: niingie jeshi lipi? Wengi wanaamua kwa sare, au kwa sababu binamu yao yuko huko na anaonekana amenenepa.

Uamuzi huu unastahili muda zaidi ya huo. Mkataba wa kwanza hubeba wajibu wa jumla wa miaka 8. Ukisaini kutumikia 4 kambini, ile 4 inayobaki unahesabiwa askari wa akiba na unaweza kuitwa. Ushauri wangu ni kwamba utafute kazi kwanza, kisha uangalie ni jeshi gani litakupa kazi hiyo kwa maandishi. Mkataba husema wewe ni fundi wa injini, dereva wa malori, mhudumu wa tiba au mpishi, na hiyo ndiyo itakayokuamsha alfajiri kwa miaka yote hiyo. Rangi ya gwanda utaizoea ndani ya mwezi.

Kibali cha usalama hupunguza orodha kabla hujachagua

Kwa mtu ambaye bado si raia, kuna kizuizi ambacho maafisa wa usajili hawakitaji mapema. Kazi nyingi zinazovutia vijana wa leo zinahitaji kibali cha kuona habari za siri, na kibali hicho hupewa raia. Kurusha droni, kuchambua picha za upelelezi, kulinda mitandao ya kompyuta, kusikiliza mawasiliano ya adui: zote ziko nyuma ya mlango huo. Ndiyo maana mtu mwenye shahada ya kompyuta kutoka Nairobi au Dar es Salaam huambiwa apokee kazi ya ghala, udereva au jikoni. Wanaomwambia hivyo hawamdharau, wanafuata kanuni. Uafisa nao, kwa kawaida, ni wa raia. Muuguzi mwenye leseni anayetaka kuingia jeshi la kudumu kwa cheo cha afisa lazima alitazame hilo kwanza.

Habari njema ni kwamba uraia wenyewe huja haraka jeshini. Kipindi kilichoanza tarehe 11 Septemba 2001 bado kinahesabiwa kisheria kuwa cha mapigano, na tangu amri ya rais ya Julai 2002, anayetumikia kwa heshima anaweza kuomba uraia bila kungoja miaka 5 ya kawaida na bila kulipa ada ya maombi. Kuna fomu mbili za kukumbuka: N-400, ambayo ni maombi yako, na N-426, ambayo jeshi huisaini kuthibitisha utumishi wako. Tangu 2023 jeshi la nchi kavu na la anga yamekuwa yakiapisha baadhi ya makuruta wakiwa bado depo, siku za kuhitimu mafunzo ya awali.

Sasa sikiliza vizuri. Uraia ukija ukiwa depo, kazi yako imeshaandikwa kwenye mkataba, wala haibadiliki kwa sababu umeapishwa Alhamisi. Kubadili fani huja baadaye, mara nyingi wakati wa kuongeza mkataba. Kwa hiyo aliyekaa na Green Card miaka 4 na ushei ana hesabu tofauti kabisa na aliyeshuka uwanja wa ndege juzi. Yule wa kwanza, kama anaitamani kazi ya teknolojia, ningemwambia avumilie achukue uraia mtaani, kisha aende kwa afisa wa usajili akiwa na orodha nzima mbele yake. Wa pili ana sababu nzuri ya kuingia mapema, ila aingie akijua atapewa nini.

Siku mbili za Juni 2025

Kama unataka kuona majeshi haya yanavyotofautiana kazini, chukua siku mbili za Juni 2025. Tarehe 22, ndege 7 za B-2 zilizotoka kambi ya Whiteman, Missouri, zilidondosha mabomu 14 ya GBU-57 kwenye vituo vya nyuklia vya Iran, Fordow na Natanz. Bomu moja lina uzito wa kilo 13,600 hivi. Ndani ya kila B-2 wanakaa watu 2 tu. Waliobaki wote, wa mafuta, wa silaha, wa injini, wa ile ngozi ya ndege inayoificha isionekane kwenye rada, walikuwa chini. Hao ndio jeshi la anga lenyewe kwa idadi, na wewe ukiingia utakuwa mmoja wao. Saa hizohizo makombora ya Tomahawk yalirushwa Isfahan kutoka kwenye nyambizi. Huko ni majini.

Siku iliyofuata Iran ilijibu kwa kurusha makombora kuelekea kambi ya Al Udeid, Qatar, mahali ambapo ndugu zetu wengi wanaofanya kazi Doha wanapajua kwa jina. Wengi kambini walikuwa wameshahamishwa. Waliobaki kuilinda walikuwa askari wachache wa jeshi la nchi kavu kwenye mitambo ya Patriot, ya kutungulia makombora. Kwa maelezo ya mkuu wa majeshi, mkubwa wao alikuwa kapteni wa miaka 28 na mdogo wao askari wa miaka 21. Kijana wa umri huo, ambaye huku kwetu mama yake angali anamuuliza kama amekula, alikuwa na dakika chache za kuamua lini azuie kombora.

Jeshi la nchi kavu

Ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalopokea wahamiaji wengi. Mafunzo ya awali ni wiki 10, katika kambi kama Fort Jackson ya South Carolina au Fort Sill ya Oklahoma. Anayekwenda kuwa askari wa miguu hukaa wiki 22 mfululizo.

Kwa msomi wa Afrika Mashariki lina faida moja ya wazi. Shahada yako ya kwanza, ikishatathminiwa na taasisi inayokubalika Marekani, inakuingiza kwa ngazi ya E-4, ya nne katika ngazi za askari wasio maafisa, zinazoanzia E-1. Majini na angani, shahada hiyohiyo kwa kawaida inakufikisha E-3. Kwa viwango vya Aprili 2025, E-1 alipata zaidi kidogo ya dola 2,300 kwa mwezi na E-4 anayeanza zaidi ya 3,100. Juu yake unapata malazi na chakula, au posho badala yake. Mtu anayetuma pesa nyumbani kila mwezi ataiona tofauti hiyo.

Maisha ya kawaida, siku zisizo na vita, ni haya: mazoezi ya viungo saa 12 na nusu asubuhi, kuoga, kifungua kinywa mesi, gwaride fupi, kazi mpaka jioni. Jumatatu ni siku ya karakana ya magari. Unakagua mafuta, matairi, betri, unaandika kasoro kwenye fomu, hata kama gari hilo halijatoka wiki nzima. Mara kwa mara kikosi kinakwenda porini kwa mazoezi, siku kadhaa au wiki kadhaa bila kuoga sawasawa. Kuna malindo ya saa 24. Bweni mnakaa wawili wawili, na ubora wake unategemea kambi. Baadhi ni mapya, mengine yana kuvu ukutani na malalamiko yake yamefika hadi bungeni. Zamu za ng'ambo, Korea, Poland, Kuwait, huwa za miezi 9 hivi.

Teknolojia ipo tele. Mitambo ya HIMARS inarusha roketi zinazofuata setilaiti hadi zaidi ya kilomita 70. Droni za Gray Eagle zimekuwa zikirushwa na askari wasio maafisa, jambo ambalo jeshi la anga huwaachia zaidi maafisa. Lakini kumbuka kibali. Kilichofunguka kwa mwenye Green Card ni magari, ugavi, jiko, ujenzi na sehemu ya tiba.

Hatari nayo iko hapa zaidi, na usidhani kazi ya nyuma ya mstari inakukinga. Tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda Bay, kaunti ya Lamu, wakachoma ndege na kuua Wamarekani 3. Mmoja wao alikuwa askari wa nchi kavu, kijana wa kuongoza ndege, na wawili walikuwa wafanyakazi wa mkataba. Kuongoza ndege si kushika bunduki mstari wa mbele, na Lamu kwa wengi wetu ni nyumbani.

Jeshi la majini

Depo ni moja tu, Great Lakes, kaskazini ya Chicago, na tangu 2025 mafunzo yamepunguzwa kutoka wiki 10 hadi 9. Anayetoka Tanga au Mombasa atashangazwa na baridi ya Januari pale kuliko na maji.

Hapa maisha ya kila siku hayafanani na ya kwingine kokote, kwa hiyo nitayakalia kidogo. Manowari ya kubeba ndege ni mji wa watu wapatao 5,000. Unalala kwenye kitanda cha chuma kilichopangwa vitatu kwenda juu, pazia ndilo ukuta wako, na vitu vyako vyote vinaingia kwenye sanduku lililo chini ya godoro. Kama bweni lako liko chini ya sitaha ya ndege, unalala huku ndege zikirushwa na kunaswa juu ya kichwa chako usiku kucha. Intaneti ni ya kusubiri, na wakati wa operesheni hufungwa kabisa. Zamu hufuata zamu, na baada ya wiki chache unajua siku kwa chakula kilichopikwa.

Juu sitahani watu hutambuana kwa rangi za fulana. Zambarau ni wa mafuta, nyekundu ni wa mabomu na makombora, njano ndio wanaoelekeza ndege, kahawia humilikishwa ndege moja moja kuitunza, kijani ni mafundi na wa mitambo ya kurushia. Wengi wao wana miaka 19 au 20. Ni kazi ya fahari na inaua: injini inavuta mtu, moto wa nyuma unamrusha baharini, waya wa kunasia unakatika. Nakutajia haya kwa sababu picha za kutangaza jeshi hazionyeshi saa ya 13 ya zamu.

Manowari Dwight D. Eisenhower ilitoka Norfolk Oktoba 2023 na kurudi Julai 2024, miezi 9, sehemu kubwa ikiwa Bahari ya Shamu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 2024 Marekani na Uingereza zilianza kupiga maeneo ya Wahouthi nchini Yemen, na ndege za manowari hiyo zilishiriki. Meli za kivita zilizokuwa nayo zilitungua droni na makombora kwa miezi. Mabaharia waliokuwa wamezoea kurusha mashambulizi bila kurudishiwa walijikuta nao wanalengwa. Mwaka uliofuata, kwenye manowari Harry S. Truman katika bahari hiyohiyo, ndege ya F/A-18 ilitumbukia majini tarehe 28 Aprili ikiwa inakokotwa na trekta kwenye hanga, na baharia mmoja akaumia kidogo. Hiyo ni kazi ya vijana wa ngazi za chini kabisa. Kukokota ndege ndani ya meli inayoyumba ni sehemu ya shambulizi la anga sawa na kufyatua kombora.

Onyo langu kuhusu majini ni kwamba usikubali kuingia bila fani. Ukisaini kama baharia asiye na fani maalum utakwangua kutu, kupaka rangi na kuvuta kamba kwa muda mrefu kabla hujapata nafasi ya kujifunza ufundi. Ukiwa na fani, kwa mfano umeme, mitambo, au tiba, majini ni shule nzuri sana ya ufundi, na vyeti vyake vinaheshimika bandarini na viwandani.

Jeshi la anga

Wiki 7 na nusu Lackland, San Antonio, na ukitoka hapo unahisi umeingia chuo cha ufundi. Bweni kwa kawaida ni chumba chako mwenyewe. Mesi ni nzuri, kambi zina maktaba na viwanja vya michezo, na safari za ng'ambo kwa desturi zimekuwa fupi kuliko za nchi kavu. Kwa mwenye familia changa, au anayetaka kusoma jioni, hakuna jeshi linalolipiku hili, na sijawahi kumsikia aliyekaa humo akilalamikia malazi kama wenzake wa majini.

Shida ni kuingia. Nafasi ni chache, na kwa asiye raia orodha ni fupi zaidi. Mara nyingine unaombwa ukubali kundi la kazi badala ya kazi moja, halafu utapangiwa depo. Soma hapo mara mbili.

Vijana wengi huniuliza kuhusu droni, kwa hiyo tuziongelee. MQ-9 Reaper hurushwa na watu wawili: rubani, na mwendesha kamera na leza, ambaye si afisa. Wengi wao hukaa kambi ya Creech, jangwani Nevada, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Las Vegas. Amri wanayotoa hupita kwenye setilaiti na kuchelewa sekunde moja au mbili kabla ya kufika kwenye ndege iliyo bara jingine. Zamu moja inaweza kuchukua muda wa saa 12. Wanaweza kumfuatilia mtu mmoja siku nyingi, wanajua anakunywa chai saa ngapi na watoto wake wanachezea wapi, kisha siku moja wanaambiwa wapige, na kamera inabaki palepale kuhesabu. Jioni wanaendesha gari kurudi nyumbani kula na familia. Rubani wa vita vya zamani alirudi kambini kwa wenzake waliofanya kazi ileile, wakalala pamoja na wakaongea. Huyu wa Creech anarudi kwa mke ambaye hawezi kumsimulia. Jeshi lenyewe limeweka wanasaikolojia na makasisi wenye kibali ndani ya vikosi hivyo, na hilo linatosha kukuonyesha uzito wa kazi.

Na picha ya skrini hudanganya. Tarehe 29 Agosti 2021, Kabul, droni ilipiga gari ambalo wachunguzi waliamini limebeba mabomu. Walikufa raia 10, watoto 7 kati yao, na wizara ya ulinzi ilikiri baadaye kwamba lilikuwa kosa. Waliokuwa kazini siku hiyo walikuwa wamelifuatilia gari hilo kwa saa nyingi. Anayetaka kazi hii aiombe akiwa anajua kwamba siku kama hiyo inaweza kuangukia zamu yake.

Marine, na wengine kwa ufupi

Marine ni askari wa kupigana wanaotokea baharini. Mafunzo yao ni wiki 13, Parris Island au San Diego, na mwisho wake mtihani wa saa 54 wenye chakula kidogo na usingizi kidogo. Marine huchukua vijana, kikomo cha kawaida ni miaka 28, na wanajali kwanza kama wewe ni Marine, fani baadaye. Kama una shahada, watoto wawili na miaka 31, hapa si mahali pako. Kama una miaka 19 na unataka kupimwa, hutajuta kwa upande huo.

Jeshi la anga za juu, Space Force, linataka raia tu. Walinzi wa pwani, Coast Guard, wanapokea wenye Green Card na kazi yao ya uokoaji inagusa moyo, ila nafasi ni chache.

Askari wa akiba na wa National Guard, jeshi la akiba la majimbo, hufanya kazi wikiendi moja kwa mwezi na takriban wiki mbili kwa mwaka. Njia hii inawafaa wauguzi wasaidizi na madereva wa malori ambao hawawezi kuacha ajira, na uraia wa haraka unaweza kupatikana hapo pia. Lakini tarehe 28 Januari 2024 droni ilipiga mabweni ya kituo cha Tower 22, Jordan, na askari 3 waliouawa walikuwa wa akiba kutoka Georgia. Askari wa akiba huitwa, na akiitwa anakwenda.

Ningemwambia nani nini

Mwenye shahada, Green Card ya karibuni na wazazi wanaomtegemea: nchi kavu, kwenye ugavi au tiba, aingie na E-4 yake. Amalize miezi 36 ya utumishi kamili apate mafao ya masomo kwa asilimia 100, na akishakuwa raia aombe kubadili fani au uafisa. Anayependa mashine na hana mtoto wa kumwacha: majini, lakini kwa fani iliyoandikwa. Anayekaribia uraia na anapenda kompyuta au droni: asubiri, kisha jeshi la anga. Mwenye kazi nzuri tayari: akiba.

Kuna jambo la pasipoti ambalo halizungumzwi ofisini mwa usajili kwa sababu si lao. Mkenya, kwa katiba ya 2010, anaweza kuwa raia wa nchi zote mbili. Mganda na Mnyarwanda nao sheria zao zinawaruhusu. Mtanzania mtu mzima akiapa uraia wa Marekani anapoteza wa Tanzania, na Mkongomani yuko katika hali hiyohiyo. Mtanzania mwenye kiwanja Kibaha au shamba la urithi Moshi azungumze na familia na mwanasheria kabla ya kupanda basi la depo, maana akifika kule fomu ya N-400 itawekwa mbele yake akiwa na usingizi na haraka.

Siku ya kuapa, kwenye kituo cha kupimwa na kusajiliwa, utapewa mkataba na viambatisho vyake. Jina la fani, urefu wa utumishi, bonasi na ngazi ya cheo lazima viwe humo. Kama afisa wa usajili aliahidi kitu na hakimo, mwambie hutasaini leo. Ana haki ya kukukasirikia, na wewe una haki ya kurudi nyumbani siku hiyo na kuja tena wiki ijayo.